Nilivyoingia shahada ya saikolojia bila cheti cha sekondari

Niliacha shule mwaka mmoja kabla ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Baba aliugua, mimi ndiye mkubwa, na masomo yakaishia hapo. Miaka 11 baadaye nilikuwa nahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa kwa saa zake. Mmoja wao, bibi aliyekuwa amepatwa na kiharusi, ndiye aliyenitia kiu ya saikolojia. Alikuwa akimaliza kula ananiuliza mbona leo hajapewa chakula. Lakini ukimwanzishia wimbo wa utotoni mwake, anauimba beti zote bila kukwama. Nilirudi nyumbani kila jioni na swali lilelile: kwa nini hiki kimebaki na kile kimeondoka?

Chuo cha kwanza nilichokiulizia kilinijibu kwa sentensi moja: huna cheti, hukidhi vigezo. Niliamini kuwa hilo ndilo jibu la vyuo vyote, na nikapoteza karibu mwaka mzima. Baadaye nikaja kujua kuwa vyuo vingi vina njia nyingine kwa watu wazima, ila hazitangazwi kwa sauti kubwa kama ile ya vyeti. Kuna kozi ya maandalizi unayosoma kwanza. Kuna mtihani maalumu wa kujiunga. Kuna kutathminiwa kwa ujuzi ulioupata kazini, ambapo unapeleka faili la ushahidi na kuhojiwa. Na kuna vyuo huria. Kile cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1969, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1971 bila kudaiwa vyeti. Kwa hiyo ukipiga simu ofisi ya udahili, usiulize kama wanapokea wasio na cheti. Uliza wana utaratibu gani kwa waombaji watu wazima. Mimi swali hilo la pili ndilo lililonifikisha kwa mtu anayehusika.

Nilichagua njia ya faili na mahojiano. Barua yangu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za maisha yangu: ugonjwa wa baba, wadogo zangu, kazi za usiku. Ofisa wa udahili aliisoma mbele yangu, akaiweka mezani taratibu. "Dada, barua yako imenigusa," akasema. "Lakini kamati wataniuliza: huyu akipewa sura ya kitabu yenye takwimu, ataisoma aielewe? Humu sijaona jibu."

Niliumia siku mbili tatu, kisha nikaona alikuwa amenisaidia kuliko wote walionipa pole. Saikolojia ni sayansi ya kupima. Mwaka wa kwanza tu unakutana na wastani, namna namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo, na swali la kama tofauti uliyoiona ni ya kweli au imetokea kwa bahati. Mara ya mwisho nilikuwa nimefungua kitabu cha hisabati nikiwa shuleni. Nikajiandikisha kozi fupi ya takwimu, jioni mbili kwa wiki kwa miezi minne. Ukiniuliza uanze na nini, nitakujibu takwimu, hata kabla ya kusoma chochote kuhusu akili ya binadamu.

Ushahidi wa pili nilioupeleka ndio ninaoupenda zaidi. Nilikuwa nimesoma habari za Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha utafiti wake wa kumbukumbu mwaka 1885. Alijipima mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana, kisha akizirudia baadaye kuona ni kazi kiasi gani imepungua. Nikaamua kujaribu kwa Kiswahili, na hapo nikakutana na jambo ambalo sikulitarajia. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, hivyo ukiunganisha mbili ovyo mara nyingi unapata neno kamili. Niliandika orodha, binti yangu akaipitia na kalamu: "Mama, soka ni neno. Tama pia ni neno." Tukafuta, tukabaki na kumi kama vepu, hogi na zuda. Alishika karatasi, mimi nikakariri. Siku ya kwanza nilihitaji marudio 14 hadi nikazitaja zote kwa mpangilio bila kosa. Kesho yake saa ileile, marudio 9. Nilikuwa nimeokoa zaidi kidogo ya theluthi ya kazi, na Ebbinghaus naye baada ya siku moja aliokoa takriban theluthi. Niliandika kurasa nne, na jedwali moja.

Kwenye mahojiano walikuwa wawili. Historia yangu waliipita haraka. Mama mmoja mtu mzima akaifungua ripoti ile, akaniuliza, "Kasoro yake ni nini?"

Nikamwambia mpimwaji ni mmoja tu, tena ni mimi ninayejua matokeo yanayotarajiwa. Na binti yangu alikuwa akitabasamu nikikaribia kupatia, kwa hiyo uso wake ulikuwa unanisaidia. Akauliza ningefanyaje nikipata nafasi ya kurudia. Nikasema ningetafuta watu wengi, orodha tofauti kwa kila mmoja, na msomaji asiyeonekana uso. Akaandika kitu, akafunga faili.

Nilipokelewa kwa sharti la kufaulu takwimu katika muhula wa kwanza. Nilifaulu. Sasa niko mwaka wa pili, na bado nahudumia wazee siku za mwisho wa wiki.

Jambo moja uulize mapema kabla hujalipa ada: je, shahada hiyo inatambuliwa na chombo kinachosimamia wanasaikolojia pale unapotaka kufanya kazi? Mahali pengi shahada ya kwanza pekee haikupi ruhusa ya kutibu watu. Inabaki shahada ya juu na mazoezi chini ya msimamizi. Mimi nilijua hilo tangu mwanzo, na nimejipangia miaka hiyo yote. Nataka kufanya kazi na watu waliopoteza kumbukumbu, kama bibi yule.