Diski ina nafasi, ujumbe unasema imejaa

Jamani ndo natoka kazini saa hizi, hapa Mwanga Kigoma, kichwa kinagonga.

Tangu asubuhi seva inakataa kuhifadhi risiti, inasema nafasi kwenye diski imeisha, basi nikaanza kufuta bekapu za zamani, nafuta, inakaa dakika mbili ujumbe unarudi uleule, nafuta tena, mpaka nusu ya diski iko wazi na bado inasema imejaa!

Dada wa mapokezi akawa anaandika risiti kwa mkono, wino umemjaa vidoleni, foleni imefika nje juani.

Saa kumi ndo nikakumbuka kuandika df -i, amri ya Linux ya kuangalia kitu kingine kinachoweza kuisha kwenye diski mbali na nafasi.

Asilimia 100.

Kumbe zilizoisha ni ainodi, yaani vile vijirekodi ambavyo diski inatunzia taarifa za kila faili. Kila faili, hata liwe tupu, linakula ainodi moja, na kwenye ext4, mfumo wa Linux wa kupanga mafaili kwenye diski, idadi yake inapangwa siku diski inafomatiwa. Kuna programu ilikuwa inamwaga vifaili vya muda bila kuvifuta. Nikavifagia vyote, risiti ikatoka palepale.

Kinachoniuma ni hiki, keneli ya Linux, ule moyo wa mfumo wenyewe, inajua kabisa kipi kimeisha ila inarudisha kosa namba 28, la nafasi kuisha, iwe ni nafasi au ni ainodi, hata ukigonga kikomo cha inotify, huduma ya kufuatilia mabadiliko ya mafaili, ambacho hakihusiani na nafasi ya diski, unapewa hiyohiyo 28. Wangetofautisha tu, zile bekapu za mwaka mzima ningekuwa nazo mpaka sasa.

Mafundi wenzangu, nyie ujumbe gani ulishawapoteza siku nzima? Niandikieni hapo chini.