Nilivyoziona galaksi mbili zinazogongana, Vumawimbi

Misimu miwili nimehangaika kuziona Antennae, zile galaksi NGC 4038 na 4039 zinazogongana kwenye kundi la nyota la Kunguru, na darubini ninayo, Dobsoni yenye kioo cha inchi 16, si kidogo. Kosa langu nilikuwa naziwinda Aprili na Mei, kumbe ndo masika yenyewe hiyo, Pemba mawingu yanakesha. Juni ndo pazuri, mvua zimepungua na saa mbili usiku Kunguru bado yuko juu kabisa.

Halafu taa. Siku za giza, zisizo na mwezi, tunazozitaka sisi ndo hizohizo wanazozitaka wavuvi wa dagaa, ukikaa upande wa magharibi bahari yote inawaka. Tukahamia Vumawimbi, upande wa mashariki, darubini tumeifungua vipandevipande kwenye gari na kioo nimekipakata mimi mwenyewe njia nzima mpaka tukapita msitu wa Ngezi.

Simu nikazima, yani kuzima kabisa, nusu saa nzima macho yazoee kiza. Nikaanzia kwenye Gienah, nyota ya hukohuko kwa Kunguru, nikasogea kama digrii 3 na nusu magharibi, kusini kidogo. Hamna kitu. Ukiikodolea palepale inapotea, maana katikati ya jicho hapaoni vizuri kwenye kiza, inabidi utazame pembeni yake kama vile huitaki. Nikafanya hivyo huku naligonga bomba la darubini taratibu kwa kidole litikisike, jicho linakamata haraka kitu kinachocheza, na ndo ikatokea: kiukungu kimejikunja, kaskazini kinene chenye madoamadoa, kusini chembamba. Ile mikia miwili mirefu kama vipapasio vya mdudu, iliyozipa galaksi hizo jina, sikuiona, ni hafifu mno. Lakini nilitetemeka wallahi, nuru ile imesafiri makumi ya mamilioni ya miaka ikaja kuingia jichoni mwangu pale ufukweni.

Akapita mzee mmoja anarudi na nyavu zake, "Mwanangu, mnaandamisha mwezi?" Nikamwambia hapana baba, mwezi ndo tunaoukimbia, njoo uone. Akapanda kwenye kreti la soda, nikamwelekeza atazame pembeni, akanyamaza kitambo kirefu hata nikadhani haoni.

"Mbona kama kamba huyu, kajikunja."

Na hakushuka.