Hatua ishirini za muuzaji

Leo nimeshinda Kivule, Dar es Salaam, kwenye upimaji wa urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyojengwa bila kupimwa. Mama mmoja alinunua kiwanja mwaka 2014 kwa kupimiwa kwa miguu, hatua 20 kwa 20. Karatasi ya mauziano anayo, muhuri wa serikali ya mtaa upo, ila kifaa changu kinasoma mita 15 na nusu upande mmoja, 14 upande wa pili. Mpaka wenyewe ni minyaa na tairi bovu lililofukiwa nusu.

Akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo niliibiwa?"

Jamani, inauma. Hatua si mita, na muuzaji mfupi hupiga hatua fupi. Mkinunua ardhi, mleteni mpima kabla ya kutoa pesa, si baada ya kujenga.

Kilichonipa moyo ni jirani yake. Wamekubaliana kila mmoja aachie mita moja na nusu, ipatikane njia ya gari la wagonjwa. Bila njia, mchoro wa mpangilio wa viwanja ungekwama, na hati angeisikia tu kwa wenzake.

Jumatatu narudi kuchimbia bikoni zake nne, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Ameomba ile ya kona ya mwembe niiweke yeye akiwepo.