Siku moja maishani mwangu: dada wa dirisha la maabara

Saa 1 kasoro robo asubuhi nimeshavaa koti, nafuta meza kwa klorini. Wapitao hudhani ni usafi tu. Kirusi cha homa ya ini B hukaa hai siku 7 kwenye tone la damu lililokauka, na mimi nina watoto nyumbani. Chanjo zangu 3 nilishachoma, ila meza naifuta vilevile.

Saa 2 mpaka saa 4: malaria, mkojo, choo, malaria, malaria. Sampuli moja tu ilinisimamisha. Mashine ilipoacha kuizungusha, maji yaliyoelea juu ya damu yalikuwa ya manjano ya bizari. Sikuhitaji kusoma karatasi ya daktari kujua ni ini.

Saa 4 na nusu akaja fundi mageti, kifua hiki, kumtolea damu dada yake anayesubiri upasuaji. Mchangiaji tunampima UKIMWI, kaswende, homa ya ini B na C. Kwenye B, dakika 15 zilipotimia, mistari miwili. Nikarudia kwa kipimo kingine. Miwili.

"Dada, mimi sijawahi kuumwa hata kichwa. Semeni tu mnataka hela!"

Hayo kayasema dirishani, foleni nzima imetega masikio. Mshauri alikuwa wodini, basi nikamwingiza ndani mwenyewe, nikafunga mlango.

"Kwa hiyo nitenge sahani?"

"Hapana, kaka. Zinazopita kwenye maji na chakula kichafu ni A na E. Hii yako ni ya damu, ya kujamiiana, ya mama kumpa mtoto anapozaliwa. Wembe ndio usiazimane na mtu."

"Mimi sitoki nje ya ndoa. Nimeitoa wapi?"

Hapo ndipo muda ulipoliwa. Nikamweleza kwamba mtu mzima akiipata, mara nyingi mwili huifukuza wenyewe. Mtoto mchanga ndiye hubaki nayo, karibu 9 kati ya 10, na anaweza kukaa miaka 30 hana homa wala macho ya manjano. Huenda anayo tangu alipozaliwa. Akakaa kimya, anakwangua rangi ya geti iliyoganda kwenye kucha.

"Na wanangu?"

"Lete kadi zao za kliniki tuone kama walimaliza chanjo. Mama yao naye aje apimwe. Wewe leo nenda kwa daktari, halafu miezi 6 ijayo tukurudie. Pombe iache."

Nje wanagonga kioo: "Wa maabara wanapiga soga humo!" Sikuwajibu. Ningejibu nini?

Kutoka hapo saa zikanipotea. Chai ikapoa, nikainywa hivyohivyo. Umeme ukakatika, ukarudi. Daftari likabaki na mistari mitupu, mkuu wangu akaliona hilo tu.

Jua linashuka, nimeshavua glavu, nasikia hodi. Fundi mageti, na mdogo wake nyuma ameshakunja mkono wa shati.

"Dada, huyu naye mpime. Ila usimkalishe kama mimi, ana pikipiki ya watu."