Indiketa inayojizima yenyewe, na waya mmoja nilioukosea

Mimi ni fundi wa friji na eyakondishena. Pikipiki ndiyo gari langu la kazi. Nyuma nimefunga sanduku la spana, ubavuni mtungi wa gesi, na kutwa nazunguka Mombasa: asubuhi Nyali, mchana Mji wa Kale, na siku nyingine jioni inanikuta kwenye foleni ya feri nikielekea Likoni. Kwa siku moja huenda nikapiga kona mara themanini. Kila kona ina indiketa, na kila indiketa inangoja kidole gumba changu kikumbuke kuizima.

Ramadhani iliyopita kidole hakikukumbuka. Ilikuwa kwenye saa kumi na mbili kasorobo jioni, barabara ya Links, kila mtu anakimbilia futari. Nililipita matatu lililosimama kupakia, nikawasha kushoto kurudi njia yangu, nikaendelea. Mbele kidogo kulikuwa na mzee wa tuktuk kwenye mdomo wa njia ya kushoto, anangoja nafasi. Akaona indiketa yangu inapiga upande wake, akajua naingia pale, akatoka. Mimi nilikuwa naenda moja kwa moja.

Nilibana breki ya mkono na kukanyaga ya mguu kwa pamoja. Gurudumu la nyuma likateleza kwenye ule mchanga unaojikusanya ukingoni mwa lami, mtungi ukanigonga goti, na kioo changu cha kushoto kikavunjikia ubavuni mwa tuktuk. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mle ndani kulikuwa na mama na mtoto mchanga.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumlaumu. Mzee akashuka, akainyooshea kidole ile taa, wala hakupandisha sauti. “Mwanangu, si wewe umeniambia unaingia huku?”

Taa ilikuwa bado inapiga. Nilimwomba radhi, naye akanipa mkono, akaniambia niende nikafuturu. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa namwona yule mtoto.

Tangu hapo nikaanza kuangalia barabarani, na ugonjwa huu wanao wengi. Kaa nusu saa pale Kongowea uhesabu boda zinazopita na indiketa inapiga bila kona yoyote. Si uzembe mtupu. Kwenye gari, chini ya usukani kuna kijino ambacho hurudisha kijiti cha indiketa mahali pake pale usukani unapojinyoosha baada ya kona. Pikipiki haina nafasi hiyo. Ukiwa kwenye mwendo, hendeli husogea kidogo sana. Kinacholala kwenye kona ni mwili wote wa pikipiki. Kwa hiyo kuzima kumeachiwa dereva. Na dereva wa Mombasa saa saba mchana hakioni kile kijitaa cha kijani kwenye dashibodi, jua limekimeza. Mlio wa flasha, kile kidude kinachoipepesa indiketa, nao hausikii, kwa kofia ngumu aliyovaa na muziki wa matatu lililo ubavuni.

Dawa yenyewe si ngeni. Yamaha walikuwa na pikipiki za indiketa ya kujizima tangu mwisho wa miaka ya 1970: ilizima baada ya sekunde 10 au mita 150, chochote kitakachochelewa kufika. Ukisimama kwenye taa za barabarani sekunde zinakwenda lakini mita haziendi, basi indiketa inabaki inapiga mpaka uondoke. Walioliwaza hilo walikuwa waendesha pikipiki kweli. Kwa nini hizi tunazouziwa sisi hazina, naona ni kupunguza bei tu, na nadhani ni kupunguza mahali pasipofaa.

Nina mpwa wangu baharia. Nilimweleza, naye aliporudi likizo akaniletea kikasha kidogo. “Mjomba, hiki ndicho ulichokuwa unataka, au nimepotea?” Hakuwa amepotea. Ukubwa wake ni wa kibiriti, kimezibwa kwa gundi ngumu hata maji hayaingii, na kinatoa waya nne na kitanzi kimoja. Chenyewe hakisomi mita. Kinakaa mahali pa flasha ya zamani, kinapepesa taa, na kinahesabu. Zikipiga mara 12 kinakata. Waya wa nne unakwenda kwenye taa ya breki: ukishika breki kinasimamisha hesabu, ukiachia kinaendelea. Hiyo ndiyo njia yake ya kujua kwamba umesimama.

Nilianza Jumapili baada ya adhuhuri, nyumbani Bombolulu, chini ya mwarobaini. Nilitoa waya wa hasi wa betri kwanza, na mwenye pikipiki yoyote namwomba afanye hivyo kabla ya kugusa kitu. Flasha nilidhani itanitoa jasho kuitafuta, kumbe fundi aliyenitangulia aliifunga kwa tepu ubavuni mwa betri. Ina miguu miwili: B, unaoleta umeme kutoka kwenye fyuzi kupitia swichi ya ufunguo, na L, unaopeleka kwenye swichi ya indiketa. Waya mwekundu wa kikasha nikaupeleka B, wa njano L, mweusi kwenye fremu.

Kazi hasa haikuwa kikasha. Ilikuwa chumvi. Nilipoichomoa soketi ya flasha, miguu yake ilikuwa na unga wa kijani kama wa sarafu iliyookotwa baharini. Nikakata waya wa B karibu na soketi, nikaumenya. Shaba ndani nyeusi. Nikarudi nyuma sentimita tatu, bado nyeusi. Sentimita saba, ndipo zikatokea nyuzi zenye rangi yake, nyekundu zinang’aa kama zimetoka dukani leo. Hii nimeizoea kwenye eyakondishena zilizowekwa upande wa bahari. Upepo unaingiza unyevu wa chumvi kwenye mwisho wa waya, nao unatambaa chini ya plastiki ambako macho hayafiki. Ukiunga juu ya shaba nyeusi, siku hiyo kitawaka, na mvua ya kwanza ya masika kitakufa, halafu utakilaumu kifaa.

Sikulehemu kwa risasi. Waya uliolehemiwa unakuwa mgumu pale risasi inapoishia, na mtikisiko wa injini unaukata hapo hapo. Nilitumia viungo vya kubana, nikavika mipira ile inayosinyaa ikipashwa moto, na kwenye midomo ya mipira hiyo nikapaka grisi. Waya mweusi nao nilikwangua rangi ya fremu mpaka chuma kikaonekana cheupe, ndipo nikakaza boliti. Rangi haipitishi umeme, na kasoro nyingi zinazoitwa za betri ni rangi tu.

Ukabaki waya wa breki. Kutoka kwenye taa ya nyuma zinakuja waya tatu: wa kurudishia umeme, wa taa ndogo ya usiku, na wa breki. Bulbu ni moja lakini ina nyuzi mbili ndani, wa wati 5 wa usiku na wa wati 21 wa breki. Yule fundi alikuwa amebadilisha waya zote mbili za kuleta umeme kwa rangi moja, buluu. Nikarudisha betri, nikawasha taa, nikamwambia kijana wangu akanyage breki, nikapima kwa mita ya umeme. Waya wa kwanza ukasoma volti 12 na kitu. Nikauchukua huo huo, nikaunga, nikafunga tepu.

Nikajaribu. Kushoto: zikapiga 12, zikazima. Kulia: vilevile. Kijana akapiga makofi. Niliendesha mpaka barabara kuu na kurudi, kila kona indiketa ikajizima, nami nikahisi kama nimelipa deni.

Usiku baada ya Isha nilikuwa navuka daraja la Nyali kuja kisiwani. Niliwasha kulia kulipita lori, nikarudi njia yangu, nikaisubiri izime. Haikuzima. Daraja likaisha, bado inapiga. Pale Buxton nikaegesha kando, nikaizima kwa kidole, nikawasha tena, nikahesabu kwa sauti: 30, 40, 50. Mchana ilifanya kazi, usiku imegoma. Nikadhani kikasha kimeungua.

Jibu lilinijia nikiwa bado nimekaa juu ya pikipiki, kwa sababu kilichobadilika kati ya mchana na usiku kilikuwa kimoja tu. Nikazima taa kubwa, nikawasha indiketa: 12, ikazima. Nikawasha taa kubwa: haikomi. Waya niliouchukua ulikuwa wa taa ndogo ya nyuma. Kila nikiwasha taa, ule waya una umeme, na kikasha kinaamini nimeshika breki, basi kinasimamisha hesabu usiku kucha. Kosa nililifanya kwenye kupima: nilipima taa zikiwaka na breki imekanyagwa kwa wakati mmoja, na hapo waya zote mbili lazima zisome 12. Ilitakiwa nizime taa, nitafute waya unaopata umeme breki ikikanyagwa na kuupoteza ikiachiwa. Tena sikujaribu kushika breki huku indiketa inapiga. Ningejaribu, ningejua mchana ule ule.

Kuurekebisha kulichukua robo saa siku ya pili. Safari hii nilijaribu vyote: taa zimezimwa, taa zimewashwa, breki ya mkono, breki ya mguu, kushoto na kulia. Taa za pikipiki yangu zote zinakula betri. Kama yako ni ya zile ambazo taa kubwa inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, usiguse waya za upande huo kabisa. Kaa na waya wa breki.

Kuhusu kile kitanzi. Ukikiacha, hesabu ni 12. Ukikikata, ni 20. Indiketa inatakiwa kupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na kikasha hiki kinapiga kama 90. Kwa hiyo 12 ni sekunde 8, na kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha mjini, utakuwa umekwenda mita 110 hivi. Kwangu hazikutosha. Mimi hutangaza kona mapema, hasa kwa ajili ya tuktuk zinazonifuata kwa karibu, na mara mbili ilizima kabla sijafika. Nikakikata kitanzi. Sasa ni sekunde 13 na kidogo, mita 185. Inabaki kuwaka kidogo baada ya kona, lakini afadhali hivyo kuliko kunyamaza kabla yake.

Liko jambo moja ambalo halikupata dawa. Kikasha kinakata umeme, swichi yenyewe ndani inabaki imeshika kushoto. Nikitaka kushoto tena, lazima kwanza nibonyeze katikati, ndipo nisukume. Nilifikiria kuifungua swichi na kutoa ule mpira mdogo wa chuma na springi yake ili isishike, nikaona la. Kikasha hiki hakikutengenezwa kwa swichi ya namna hiyo. Basi kidole gumba kimebaki na kazi yake, ila kikisahau, taa haidanganyi watu kwa kilomita nzima.

Jana nilikuwa kwenye mteremko wa kuingia feri, indiketa ya kushoto nimewasha, breki nimeshika, dakika nne nzima hatusogei. Iliendelea kupiga. Tukaachiwa, nikaingia, nikahesabu, ikazima nikiwa kwenye ubao wa chuma wa feri.

Flasha ya zamani sikuitupa. Nimeisafisha miguu, nimeipaka grisi, nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la spana pamoja na vipande viwili vya waya vilivyokwishabanwa, B na L. Kikasha kikifa njiani, dakika kumi zinanitosha kuirudisha.