Noti za Mia Tano

Agosti 2016 ilinikuta Tanga, kwa shangazi, Ngamiani, likizo ya mwaka wa pili wa chuo, nimenuna. Shangazi aliamini ni mwanamume. "Atarudi," aliniambia siku ya pili, akigeuza vitumbua. "Na asiporudi, tumepumzika." Ningemwelezaje kwamba aliyeninunisha ni dereva, tena dereva asiyekuwepo duniani, wa kwenye tamthilia ya Kikorea?

Tamthilia yenyewe ilikuwa imeliteka bweni letu tangu Juni. Kama nyingi za kwao, ilikuwa na vipindi 16, viwili kwa wiki, Jumatano na Alhamisi, na msichana mmoja katikati ya wanaume wawili: tajiri mkorofi, ambaye toka kipindi cha kwanza unajua ndiye atakayemwoa, na mpole wa watu, anayemshikia mwavuli kila mvua ikinyesha na kuambulia asante. Bweni likawa kambi mbili. Kuna marafiki wawili walinuniana wiki nzima kwa ajili ya huo mwavuli. Mimi jicho langu likamwangukia dereva wa yule tajiri. Maneno yake hayafiki 20 tamthilia nzima, na mengi ni "ndiyo, bosi". Lakini ndiye mwenye kile kioo cha ndani ya gari. Ndiye anayeona nani analia kiti cha nyuma.

Nikamwandikia maisha. Miezi miwili, maneno 14,000, kwa Kiingereza cha kamusi. Nikampa mke mgonjwa wa figo huko Busan, nikampa deni, nikamlaza usiku kucha ndani ya gari nje ya hospitali. Kuna aya ya waipa zinazosukuma theluji kwenye kioo niliyoiandika mara tisa. Hata leo naiona nzuri, samahani.

Hadithi za mashabiki, au fanfiki kama tulivyoziita sisi, zina nyumba nyingi mtandaoni. FanFiction.Net ipo toka 1998. Mimi nilikuwa Archive of Our Own, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009. Kupata akaunti pale unajiandikisha kwenye foleni, unangoja mwaliko kwa barua pepe, na mimi niliungoja kama majina ya mkopo wa chuo. Jumanne usiku nikaipandisha hadithi yote kwa mkupuo, mwanzo hadi mwisho, nikalala moyo unadunda.

Jumatano jioni ilikuwa imefunguliwa mara 41. Alhamisi asubuhi, 63. Mioyo 2. Maoni 0. Pale msomaji akiipenda hadithi anabofya kialama cha moyo, mara moja tu, hata kama imemliza. Akitaka kusema zaidi ni lazima aandike. Hakuna aliyeandika. Hata "nzuri". Hata tusi. Nilikuwa nanunua bando la siku kwenda kutazama sifuri.

Alhamisi hiyohiyo ndiyo kilirushwa kipindi cha mwisho. Saa nne usiku Seoul, huku kwetu saa kumi jioni, kisha unangoja watu wa kujitolea wakitafsirie maandishi ya chini. Nilikiona usiku mnene, ndani ya chandarua, simu nimeiegemeza kwenye mto. Tajiri akaoa. Mpole akabaki na mwavuli wake. Kundi letu la WhatsApp likawaka moto, na mimi, usingizi umenibana, nikaandika kitu cha maneno 1,100 hivi: msichana yuko garini anapelekwa ukumbini, simu inatetema ndani ya mkoba, anaitoa, anaona jina la anayepiga. Basi. Jina sikulitaja. Nikisema nilifanya hivyo kwa ufundi nitakuwa mwongo. Chaji ilikuwa asilimia 6 na macho yalikuwa yanafunga. Nikaipandisha hivyohivyo, hata makosa ya tahajia sikuyapitia.

Asubuhi nikakuta maoni 29. Mchana, 57.

Nilisoma yote nimekaa kizingitini kwa shangazi, chai ikiganda utando. Wa kwanza alisema asante kwa kuandika. Kuanzia wa tatu sikuwa mimi tena ninayezungumziwa. Ni mpole anapiga, lazima! Aache kumpigia, mke wa mtu huyo! Mwingine chini yake: mke wa mtu gani na hata ukumbini hajafika? Watatu wakamvamia huyo. Mmoja alieleza kwa kirefu habari ya mchumba wake mwenyewe na simu ambayo hakuipokea mwaka 2009. Mmoja alinitukana kwa kuiacha simu ilie. Katika maoni 57, hakuna aliyetaja sentensi yangu hata moja.

Nikaumia upya. Sasa nilikuwa na sababu.

Zile sababu za juu juu nilizijua, sikuwa mjinga. Pale hadithi hupangwa kwa tarehe, iliyopandishwa karibuni ndiyo ya juu. Anayetoa sura moja moja hurudi juu kila wiki, aliyemwaga zote siku moja anasukumwa chini siku hiyohiyo. Wengi hutafuta kwa majina ya wapenzi wawili wanaowashabikia. Nani atatafuta dereva? Na muhtasari wangu, unaotakiwa kumvuta msomaji mkono, ulisema: "Kisa cha dereva na mkewe." Na zaidi ya yote, Alhamisi usiku nusu ya mashabiki walikuwa wanalia na nusu wanashangilia, wote wanatafuta pa kumwagia, nami nikawawekea karai. Hayo yote nilikubali. Lakini kwamba mtu 63 wamepita kwa dereva wangu, wamemkuta amelala garini nje ya hospitali, na wote wakakosa la kusema? Hapo ndipo paliponichoma.

"Nenda dukani ukanichenjie," shangazi akanikatiza. Kesho yake kulikuwa na harusi mtaani, na taarab usiku. Akanipa noti ya elfu kumi. "Mia tano mia tano. Noti."

Kwa Mpemba wa kwanza nikapewa rundo la sarafu. Sarafu ya mia tano ilitoka 2014 na noti zake zilikuwa zimeanza kuadimika. Shangazi aliziangalia kana kwamba nimemletea kokoto. "Za nini hizi? Nimtunze mtu nimtoboe kichwa?" Nikazirudisha, nikazunguka maduka manne, nikapata noti 12, mbili zimeungwa kwa selotepu. Nikarudi nalalamika, na katika kulalamika nikajikuta nimemsimulia: dereva, mwavuli, simu, 57, sifuri. Sijui alielewa kiasi gani. Alizinyoosha noti juu ya paja, moja moja, zilizoungwa akazitanguliza.

"Kesho ukae karibu na mimi," akasema.

Barabara ilifungwa kwa turubai, viti vya plastiki, spika mbili refu kuliko mtu. Rusha roho ya kinanda, ile inayokutikisa mbavu. Shangazi alikaa na leso yake mkononi kama mama wa heshima hadi ulipofika ubeti wa mtu anayekula vya wenziwe huku anajifanya mcha Mungu. Hapo akainuka. Hakwenda moja kwa moja kwa mwimbaji. Alizunguka kwa mwendo wa pole, kiuno kinahesabu, akapita mbele ya mama mmoja aliyevaa kijani, ambaye mtaa mzima ulijua wamegombana kwenye kikoba, noti kaiinua juu, inapepea. Akamfikia mwimbaji, akaibandika kwenye paji la uso. Akarudia. Noti ya pili, ya tatu. Mwimbaji, anayeijua kazi yake, akaurudia ubeti uleule.

Na mama wa kijani akainuka! Naye na noti zake, za elfu moja, ubeti uleule, akipita mbele ya shangazi. Kila mmoja anamlipia mwimbaji amwambie mwenzie. Ubeti ulirudiwa mara sita, mwimbaji noti zinamdondoka mabegani, msaidizi anaokota kwa beseni. Ukumbi mzima umesimama, vigelegele. Sauti ya yule dada, niseme kweli, ilikuwa ya kawaida, na koo lilishaanza kukwaruza.

Nikacheka peke yangu. Niliyaona maoni yangu 57 yanapita pale yamevaa madera.

Karibu saa nane usiku walimpandisha mama mmoja wa makamo, mnene, viatu amevivulia chini ya jukwaa. Akaimba wimbo wa zamani, wa enzi za akina Black Star na Lucky Star, vilabu vya hapahapa Tanga, kinanda kikijitahidi kuwa fidla. Hakuinuka mtu. Watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka, vijana wametoka nje kununua mishikaki. Nikamgeukia shangazi. Leso imesimama, haijipepei. Midomo yake ilikuwa inafuata kila neno, bila sauti, na kwenye kona ya wimbo ambapo yule mama alivuta pumzi, shangazi naye akavuta. Wimbo ukaisha. Makofi machache. Shangazi akakohoa, akafunga vizuri mtandio.

Tulipokuwa tunatembea kurudi nikamuuliza. "Shangazi, ule wa mwisho mbona hukuutunza? Na noti zimebaki."

"Niinuke nimwambie nani?"

Alisema hivyo kama mtu anayejibu swali la kijinga, akaendelea kutafuta ufunguo kwenye pindo la khanga.

Sikupata usingizi. Nikafungua simu na kuhesabu hadithi za wengine nilizokuwa nimezipakua, maana pale unaweza kuichukua hadithi yote kama kitabu ukaisome bila mtandao. Nilikuwa nazipakua kwa intaneti ya chuo na kuzisoma nyumbani bila bando. Zilikuwa 38. Kuna moja, ya baba anayemfundisha mwanawe kuogelea kwenye mto wenye barafu, nilikuwa nimeisoma mara tatu, mara moja ndani ya daladala hadi nikapitiliza kituo. Maoni niliyowahi kuwaandikia waandishi wote 38: hakuna. Kwanza nilijiambia ni bando. Kisha nikajiambia ni Kiingereza changu. Lakini ya wale wanaogombana mwavuli sikuona haya kuchangia, tena kwa Kiingereza hichohicho.

Nikaitafuta ile ya mto mtandaoni. Ilipandishwa 2011. Maoni mawili, yote ya mwaka huohuo. Niliandika aya ndefu, nikaifuta. Nikaandika kuhusu barafu, nikafuta. Baada ya karibu saa nzima nilibaki na sentensi mbili: kwamba nimeisoma mara tatu, na kwamba mara ya pili nilipitiliza kituo. Nikatuma. Ikaingia meseji ya mtandao kunijulisha kuwa bando langu limekwisha.

Asubuhi shangazi alinituma mkate kwa zile noti nne zilizobaki. Kwa chenji nikanunua bando jingine, nikachungulia nikiwa nimesimama palepale dukani. Hadithi ya simu ilikuwa na maoni 80 na ushei, na vita vilikuwa vimehamia kwenye jambo la mahari. Dereva alikuwa amefunguliwa mara 71. Mioyo 2. Maoni 0.

"We mwana," Mpemba akaniambia, "sogea wenzio wanunue."

Nikasogea.