Yale mabaka mgongoni mwa bibi

Bibi alifariki alfajiri, na kabla hata majirani hawajajaa shangazi alishamfumba macho, akamfunga taya kwa kitambaa mpaka utosini, akamnyoosha mikono na miguu. Mi nikauliza haraka ya nini jamani, akanijibu mwanangu, tukichelewa atakakamaa. Na kweli. Misuli inahitaji nguvu ili ilegee, sio kukaza tu, sasa mtu akishakata roho ile nguvu haitengenezwi tena kwa hiyo misuli inajifunga, inaanzia taya na shingo baada ya masaa kama 2 hivi, inashuka taratibu, ikifika masaa 12 mwili mzima umekuwa kama ubao, halafu baada ya siku moja au mbili unalegea tena wenyewe, na kwenye joto letu la pwani yote hayo yanaenda mbio zaidi.

Kilichonitisha ni wakati wa kuosha. Tulivyomgeuza ubavu nikaona mabaka ya zambarau mgongoni, ila pale mabega yalipogusa kitanda pako peupe kabisa. Mtu akaanza kunong'ona eti kapigwa, eti karogwa. Sio! Moyo ukisimama damu inatuama upande wa chini kama maji mtungini, na palipobanwa haiingii. Inaniuma sana watu kulaumiana msibani kwa kitu cha kawaida kabisa cha maiti.

Na wale wanaosema kucha za maiti zinaendelea kuota, haziendelei, ni ngozi inakauka na kurudi nyuma ndo zinaonekana ndefu. Za bibi bado zilikuwa na hina ya Idi.